Mgonjwa mmoja, fishi saba: kwa nini mkimbizi alipe mara mbili kwa mwili uleule?

GOMA. – Ninyi jamaa zetu mliokimbia vita na sasa mnaishi kwa watu ao chini ya mahema, leo siwaletei habari ya risasi. Nawaletea habari ya karatasi. Msicheke. Karatasi nayo inaweza kumuumiza mtu, hata kumwua.

Juma lililopita nilikuwa nimeketi kwenye ubao wa kungojea katika kituo kimoja cha afya hapa mjini. Sitataja jina lake, kwani yale niliyoyaona pale yanafanyika karibu kila mahali. Mbele yangu alisimama mama mmoja mwenye mimba, aliyetoka upande wa Masisi. Mkononi alishika sashe. Ndani ya sashe mlikuwa na kadi ya kupokea chakula, cheti cha ubatizo cha mtoto, na kikaratasi cha chanjo kilicholowa mvua mpaka maandishi yakayeyuka. Fishi yake ya mimba haikuwemo. Ilibaki kabatini katika kituo cha afya cha kule alikotoka, na kituo chenyewe, alisema, kilivunjwa milango na kuporwa.

Mganga hakumgombeza. Alimwambia tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka: «Mama, ununue fishi nyingine.» Mama akalipa. «Ulichanjwa pepopunda mara ngapi?» Mama akafikiri. «Tatu ao nne, sikumbuki vizuri.» Mganga akaandika sifuri, akamchanja ya kwanza. Kisha akamtuma kwenye maabara: kundi la damu, kaswende, wingi wa damu, mkojo. Mama akauliza polepole kama anaweza kuruka kile kipimo cha kundi la damu, kwani alikwisha kupimwa mara mbili, kwao na tena kambini. Akajibiwa kwa maneno matatu: «Karatasi iko wapi?»

Alipomaliza kulipa, pesa ya vidonge vya kuongeza damu haikubaki. Alirudi nyumbani na fishi mpya na mkono uliochomwa sindano, bila dawa.

Ndugu zangu, damu ya mtu haibadili kundi kwa kuvuka Sake. Najua kwamba kabla ya kumwongezea mgonjwa damu, ni lazima wapime tena. Hiyo ni sheria ya usalama na ni nzuri. Lakini yule mama hakuwa wa kuongezewa damu. Alilipa mara ya tatu ili aambiwe jambo analolijua, kwa sababu tu maandishi ya mwili wake yalibaki nyuma ya mstari wa vita. Nami nasema wazi: huko ni kumtoza mkimbizi kodi ya kukimbia. Na dawa ya kodi hiyo inajulikana. Ni kuiweka fishi ya mgonjwa ndani ya kompyuta, ili imfuate mgonjwa kila anakokwenda.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ni mali. Ila daftari letu ni la namna gani? Ni daftari linalokaa mahali pamoja, huku mwenye mali anakimbia kila mwaka. Ukitibiwa Kirotshe, fishi inabaki Kirotshe. Ukija Goma, unaanza upya kama mtoto aliyezaliwa jana. Ukihama kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine ndani ya mji huuhuu, unaanza upya tena. Familia moja ninayoijua ina fishi saba za mtoto mmoja, kutoka vituo saba, na hakuna hata moja inayosimulia ugonjwa wa mtoto huyo kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nani hakumbuki mwaka 2021? Tarehe 22 mwezi wa tano Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 tukaamriwa kuondoka, na mamia ya maelfu ya watu wakashika njia ya Sake, ya Minova, ya Rutshuru, wengine wakavuka Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Wenye sukari waliondoka. Wenye shinikizo la damu waliondoka. Wanaokunywa dawa za kifua kikuu waliondoka. Fishi zao zilibaki kabatini zikilinda mji mtupu.

Tena mwaka 2025, mwezi wa pili, kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo zilipovunjwa, watu walibeba mahema, sufuria na watoto. Nani alibeba kabati la fishi? Dawa za kifua kikuu zinakunywewa miezi sita bila kukatisha. Dawa za kupunguza nguvu ya ukimwi zinakunywewa maisha yote. Mtoto anapaswa kupata chanjo za juma la 6, la 10 na la 14, kisha ya surua akifika miezi 9. Mwanamke aliyemaliza chanjo tano za pepopunda anakingwa katika miaka yake yote ya kuzaa. Ni nani anayeweza kukumbuka hayo yote kwa kichwa, akiwa amelala njiani siku tatu? Hakuna. Ndiyo maana watu waligundua maandishi. Na ndiyo maana maandishi yasiyoweza kusafiri hayafai kwa watu wanaosafiri kwa nguvu.

Mtasema: mwandishi anaota mambo ya Ulaya. Basi nianze na jambo tulilo nalo mikononi. Mtazame motari yeyote pale kwenye mzunguko. Ana Airtel Money, ana M-Pesa, ao Orange Money. Simu yake ikianguka leo katika Ziwa Kivu, kesho atakwenda kubadilishiwa kadi ya simu, na zile franka zake 4500 atazikuta palepale. Zingali zake akiwa Goma, zingali zake akiwa Butembo ao Kinshasa. Hakuna anayemwambia: «Karatasi iko wapi? Lipa tena.» Maana yake, katika nchi hii, pamoja na vita vyake na barabara zake mbovu, tayari kuna mashini inayokumbuka franka 4500 za motari. Lakini hatuna mashini inayokumbuka kwamba motari huyohuyo akichomwa penisilini anaweza kufa. Hapo hatuwezi kusingizia umaskini. Watu walichagua kipi kikumbukwe na kipi kisahauliwe.

Nao uchaguzi huo tunaweza kuuonyesha kwa kidole. Kila mwisho wa mwezi, mganga wa kituo cha afya anafunga mlango na kuanza kuhesabu: malaria ngapi, kuhara ngapi, wamama wangapi wamezaa. Anajaza makaratasi makubwa ya ripoti, kisha yanapelekwa kwenye ofisi ya zoni ya afya. Pale, hesabu hizo zinaingizwa kwenye kompyuta, katika programu inayoitwa DHIS2, iliyotungwa kwenye Chuo Kikuu cha Oslo huko Norwe na inayotumiwa na nchi nyingi za dunia. Nchi yetu ina zoni za afya 519, na hesabu za zoni hizo zinapanda mpaka Kinshasa kwa njia hiyo. Ni kazi nzuri, siidharau. Bila hesabu hizo huwezi kujua dawa zipelekwe wapi.

Lakini tazameni ajabu yake. Kompyuta inajua ni watu wangapi waliougua malaria mwezi jana. Haijui kama wewe uliugua malaria mwezi jana. Hesabu imepanda ngazi, mgonjwa amebaki chini na sashe yake. Wakubwa wamepata mashini yao ya kuwapa ripoti. Wewe, ambaye ugonjwa wako ndio uliozaa ripoti, umeambiwa ununue fishi.

Na mganga? Yeye pia ni mtumwa wa karatasi. Mmoja alinionyesha meza yake. Jina la mtoto mmoja mwenye malaria aliliandika kwenye fishi, akaliandika kwenye kitabu kikubwa cha wagonjwa, akaliandika kwenye kitabu cha maabara, akaliandika kwenye kitabu cha dawa, na kwa kuwa kuna shirika linalolipia malaria za watoto, akaliandika tena kwenye karatasi ya shirika. Mara tano, kwa homa moja. Kisha mwisho wa mwezi akarudi kuhesabu vitabu hivyo kimoja kimoja, na hesabu zikakataa kulingana. Wakati anaandika mara ya nne, kuna mama kwenye ubao anayeanza kutokwa jasho la baridi.

Je, kompyuta kweli inapunguza kazi hiyo, ama ni hadithi ya wauzaji? Twende kwa majirani. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kijijini karibu na Eldoret nchini Kenya, waliweka kompyuta mbili, pamoja na betri ya jua ya kusaidia umeme ukikatika. Kituo cha mashambani, kama vyetu. Wachunguzi walipima muda kabla na baada, wakaandika matokeo yao mwaka 2003. Muda wote ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Muda ambao mganga alitumia kwa kila mgonjwa ulipungua kwa asilimia 58, na ule wa kungojea kwenye ubao kwa asilimia 38. Kutokana na kazi ya watu hao na wenzao ilizaliwa mwaka 2004 programu inayoitwa OpenMRS, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bila kulipa ruhusa. Mwaka 2006 ilikuwa tayari inatumiwa Rwinkwavu, huko Rwanda. Rwanda, ndugu zangu, hapo ng'ambo ya mpaka.

Na pesa? Mwaka 2013 wachunguzi walitoa hesabu ya hospitali kubwa ya Kamuzu, mjini Lilongwe, Malawi. Waliangalia mambo matatu: siku ambazo mgonjwa analala kitandani, muda wa kunakili makaratasi, na vipimo vya maabara. Wakakadiria kwamba kuanzia mwaka wa tatu kompyuta ingekwisha kurudisha gharama yake, na kwamba katika miaka mitano hospitali ingebaki na faida ya zaidi ya dola 600,000. Ni makadirio, si pesa iliyohesabiwa mezani. Hata hivyo mseme wenyewe: siku za kitanda, kunakili, vipimo vya kurudia. Si ndiyo yale yale tunayolipia hapa kila siku?

Sasa nisikie wenye kupinga, kwani nimewasikia sana, na si wote wajinga.

Wa kwanza wanasema: hakuna umeme, hakuna rezo. Ni kweli kwamba vituo vingi havina umeme. Lakini simu zinachajiwa mpaka katika vijiji visivyo na nguzo hata moja, kwa bamba la jua la kuweka juu ya bati. Na fishi ya kompyuta haihitaji rezo kila dakika. Inaweza kufanya kazi ndani ya kituo bila intaneti, kisha rezo ikipatikana, hata mara moja kwa juma, inatuma yaliyoandikwa na kupokea ya wengine. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kutengenezwa kwa nchi kama yetu. Anayeleta mashini inayokufa rezo ikikatika, arudi nayo alikotoka.

Wa pili wanasema: kuna vita, kompyuta zitaporwa. Zitaporwa, ndiyo. Ila karatasi ikichomwa, imekwenda. Fishi ya kompyuta inaweza kuwa na nakala katika mji mwingine. Mwaka 2005, tufani ya Katrina ilizamisha mji wa New Orleans, Marekani. Fishi za karatasi za watu wengi sana ziliharibiwa na maji. Lakini askari wastaafu, ambao hospitali zao zilikuwa zimekwisha kuweka fishi katika kompyuta, walipofika kama wakimbizi katika miji mingine, madaktari wa huko walifungua fishi zao na kuendelea na dawa zilezile. Watu wa mji mmoja, maji yaleyale. Tofauti ilikuwa mahali yalipowekwa maandishi. Marekani ni nchi tajiri, lakini siku ile wale watu walikuwa wakimbizi kama wewe.

Tena, msituambie kwamba katika vita haiwezekani kuandika watu. Kutoka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, Ebola ilipiga Kivu ya Kaskazini na Ituri. Watu 3470 waliugua, 2287 wakafa. Beni na Butembo zilikuwa ndani ya vita. Na bado zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, na waliomgusa mgonjwa wakaandikwa na kufuatwa siku 21, nyumba kwa nyumba. Magari yalipatikana. Orodha zilipatikana. Ugonjwa uliotisha dunia nzima ulipata daftari lake. Shinikizo la damu la mama wa Kanyaruchinya halitishi dunia, basi tunaambiwa Kongo haiwezi.

Wa tatu wanasema neno ambalo mimi mwenyewe linaninyima usingizi: nani atashika orodha hiyo? Hapa kwetu, orodha ya watu imewahi kuwa hatari. Mtu anaweza kutafutwa kwa jina lake, kwa kijiji chake, kwa kabila lake. Na wezi wa kompyuta hawachagui. Mwezi wa kwanza 2022, Msalaba Mwekundu wa kimataifa wenyewe ulitangaza kwamba wezi waliingia katika mashini zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao waliotengwa na jamaa zao kwa sababu ya vita. Kama wao, pamoja na mafundi wao wote, waliingiliwa, sisi je?

Sitajibu kwa kusema «msiogope». Muogope. Lakini woga huo utufundishe kutengeneza vizuri. Fishi iandike kile kinachotibu, basi. Kabila halitibu malaria, lisiandikwe. Dini haipunguzi shinikizo la damu, isiandikwe. Kila mganga awe na ufunguo wake wa siri, na mashini iandike ni nani aliyefungua fishi ya nani, siku gani, saa ngapi. Hilo, karatasi haiwezi kulifanya. Leo hii, mlinzi wa usiku akifungua kabati na kusoma ni nani mtaani mwenye ukimwi, hakuna atakayejua. Nchi ina sheria ya mambo ya kompyuta na simu, iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, ambayo inalinda habari za mtu. Tuidai kwa jina. Na mtu yeyote mwenye bunduki, wa upande wowote, asikanyage chumba cha mashini.

Kuna upinzani wa nne, ambao hausemwi kwa sauti. Nitausema mimi. Karatasi inayopotea inaleta pesa. Kila fishi mpya inauzwa. Kila kipimo kinachorudiwa kinalipwa. Vituo vyetu vingi havipati kitu kutoka serikalini. Waganga wengi hawana mshahara wa serikali, wanaishi na kile mgonjwa anachotoa mfukoni. Kwa hiyo fishi ikimfuata mgonjwa, na vipimo vya bure bure vikiisha, kituo kitapoteza sehemu ya chakula chake. Sisemi mganga ni mwizi. Mganga asiyelipwa miezi na miezi, ambaye bado anaamka usiku kuzalisha, namheshimu kuliko wakubwa wengi. Nasema kwamba aliyeacha kumlipa mganga ndiye aliyempeleka kula kwenye fishi ya mkimbizi. Basi mambo hayo mawili yaende pamoja: kompyuta mezani, mshahara mfukoni. Ukileta kompyuta bila mshahara, mashini itaharibika baada ya mwezi mmoja, na kila mtu atasema ni panya.

Na tusidanganyane: mashini haina huruma. Kule Mosoriot, wachunguzi hao hao waliona kwamba muda uliookolewa haukwenda kwa wagonjwa. Wafanyakazi walitumia muda mfupi zaidi kuongea nao, na muda mrefu zaidi kwa mambo yao wenyewe. Kompyuta inaweza kumpa mganga nusu saa. Haiwezi kumlazimisha aitumie kumtazama mama machoni. Hiyo ni kazi ya mkuu wa kituo, ya kamati ya afya, na yetu sisi tunaoketi kwenye ubao.

Mwisho niwageukie mashirika ya misaada, kwani nao wana fishi zao. Shirika moja linakuja na tableti zake kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo. Lingine linakuja na zake kwa ajili ya wamama waliobakwa. Lingine na zake kwa chanjo. Hakuna tableti inayoongea na mwenzake. Mradi unafungwa, bendera inashushwa, tableti zinarudi kwenye gari pamoja na majina yetu ndani yake. Kituo kinabaki na vile vitabu vyake vya zamani. Ndugu wa mashirika, tunawashukuru kwa dawa. Lakini ugonjwa wa mtoto wangu si mali ya mradi wenu. Mkiondoka, muache maandishi.

Basi tunadai nini? Si makuu.

Kwanza, namba moja kwa kila mgonjwa, itakayotambuliwa na vituo vyote vya zoni, na baadaye vya jimbo zima. Isitegemee kadi ya mpiga kura, kwani wakimbizi wengi walipoteza kadi zao; jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama na kijiji vinatosha kumtafuta mtu aliyepoteza namba yake.

Pili, tuanze na wale wanaoumia zaidi wakikatishwa: wamama wenye mimba, watoto wa chanjo, wenye kifua kikuu, ukimwi, sukari na shinikizo la damu. Tusingojee kuandika nchi nzima.

Tatu, siku fishi ya kompyuta inapoingia kituoni, kuuza fishi ya karatasi kuishe siku hiyohiyo. La sivyo tutalipia zote mbili, na mganga ataandika mara sita badala ya tano.

Nne, mgonjwa apewe hesabu ya malipo iliyoandikwa mstari kwa mstari: kipimo hiki, bei hii, dawa hii, bei hii. Tunawajua wamama waliozaa salama kisha wakazuiliwa hospitalini kwa deni ambalo hakuna aliyewaeleza limetoka wapi. Mashini inayoandika dawa inaweza kuandika na bei.

Tano, kila shirika linalofanya kazi ya afya hapa lilazimishwe na wakubwa wa afya kutumia daftari moja, la wenyeji, lenye mafundi wa hapa. Vijana wetu waliosoma mambo ya kompyuta wamejaa mitaani wakitengeneza simu. Wapeni kazi.

Nayo OpenMRS ni bure, lakini nisiwauzie ndoto: mashini si bure, betri si bure, fundi si bure, mafundisho si bure. Kuna gharama ya kuanza, na haifai atozwe mgonjwa. Ila mtu akiwaambia kwamba gharama hiyo ni kubwa mno, mumuulize: karatasi nayo ni shilingi ngapi? Kundi la damu lililopimwa mara tatu ni shilingi ngapi? Kifua kikuu kilichokatishwa mwezi wa nne, kikarudi na nguvu ambayo dawa za kawaida haziwezi, ni shilingi ngapi? Gharama hizo zipo. Tofauti ni kwamba zinalipwa kimyakimya, na mtu mmoja mmoja, kutoka ndani ya kitambaa kilichofungwa kiunoni.

Tukingoja hayo, ndugu zangu, kila familia ifanye jambo moja jioni ya leo. Toeni fishi na vikaratasi vya chanjo vyote mlivyo navyo, mviweke juani, mvipige picha kwa simu, kila ukurasa, hata vile vilivyolowa. Mtumieni picha hizo ndugu mmoja mnayemwamini aliye katika mji mwingine. Asiye na simu, amwombe jirani ao mjumbe wa afya wa mtaa, yule tunayemwita reko. Kwenye karatasi moja ndogo andikeni majina ya dawa mnazokunywa kila siku na dawa zinazowadhuru, mkishone ndani ya nguo ya mtoto kama mnavyoshona pesa. Na mkitoka kituoni, ombeni muandikiwe matokeo ya kipimo, na nambari yake. Mlilipia; ni yenu.

Kisha, siku ya salongo, ao kwenye mkutano wa nyumba kumi, mwulizeni shefu wa mtaa, naye amuulize mkuu wa kituo, naye amuulize daktari mkuu wa zoni: lini fishi yetu itaanza kutufuata? Mulize bila matusi, mulize kila mwezi.

Yule mama wa Masisi atarudi kituoni mwezi ujao, kama vita havitamhamisha tena. Nilimwona akikunja fishi yake mpya, akaiweka ndani ya sashe pamoja na ile kadi ya chakula, akafunga fundo mara mbili. Ni karatasi ya saba katika maisha yake, aliniambia. Akacheka kidogo. Kisha akauliza: «Na nikikimbia tena?»

Swali hilo sikuweza kulijibu. Nalipeleka kwa wale wanaolipwa ili walijibu.